Chuma Nilichokiongeza Chini ya Kandambili

Nilipaswa kusema hapana. Badala yake niliinama juu ya boneti la gari dogo jekundu, nikatandaza karatasi ya makubaliano, nikaegemeza kiwiko ili saini yangu ikae vizuri kama tulivyofundishwa sekondari, na boneti likabonyea. Sikuwa nimemaliza kuandika jina langu na tayari nilikuwa nimeharibu mali.

"Usijali, mzee wangu," alisema afisa aliyekuwa ananikabidhi gari. "Hiyo ni aluminiamu. Ndiyo sifa yake."

Sifa ya kubonyea kwa kiwiko. Mtu mwenye akili angekunja karatasi na kwenda kunywa chai. Mimi nilihamisha kiwiko, nikaendelea kuandika.

Afisa huyo alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Mbinga kutoka Dar es Salaam. Wenzake huja na makochi na majokofu. Yeye alikuja na gari la spoti la viti viwili, lisilo na paa ila turubai la kukunja, likiwa limepandishwa juu ya lori la kahawa kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Lilikuwa fupi, pana, na limelala chini kiasi kwamba ukisimama kando yake ulimtazama dereva utosini. Siku hiyo hiyo waendesha bodaboda wa stendi walilibatiza Kandambili. Mvua za kwanza zilipoanza alilifunika kwa maturubai, akawa anakwenda ofisini kwa miguu. Halafu akapata uhamisho tena, kwenda mahali pabaya zaidi kwa barabara, akataka gari la kubeba watu na vyombo. Akaiona pikapu yetu.

Neno "yetu" ndilo lililopaswa kunizuia. Pikapu ilikuwa ya marehemu baba, aliyotuachia wanawe wawili, mimi na mdogo wangu. Kwa pikapu hiyo tuliendesha gereji: mimi nikiwa msemaji, yeye akiwa fundi. Nasema hivyo bila aibu. Mimi nilijua kupokea wateja, kuwaita "bosi" na kuwaahidi kesho. Yeye ndiye aliyejua gari linaumwa nini. Wiki ile alikuwa Mbamba Bay akitengeneza injini ya boti. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, ina chaji na ina salio.

Na sisi Wamatengo hatuamui mambo ya namna hiyo tukiwa tumesimama. Tuna sengu. Zamani wanaume wa ukoo walikula pamoja kila siku kwa mzee wao, na jambo lolote zito lilisemwa hapo, chakula kikiwa katikati. Siku hizi kwetu imebaki Jumapili baada ya misa, nyumbani kwangu, baba mdogo akiwa ndiye mkubwa wetu. Ila kanuni haijabadilika: kitu alichoacha marehemu hakiondoki kabla hakijazungumzwa juu ya ugali. Afisa alitaka kuondoka Ijumaa. Nikajiambia kwamba nikisubiri Jumapili nitapoteza bahati. Ukweli ni kwamba nikisubiri Jumapili wangenikatalia, na nilikuwa najua.

Mke wangu alikuwa wa kwanza kuliona likiwa uani. Alilizunguka mara moja. Haikumchukua muda.

"Pikapu iko wapi?"

"Tumebadilishana."

"Umetoa ng'ombe ukachukua kuku."

"Hili ni gari la thamani, mama. Dar watu wanapigania."

"Kuku naye anataga," alisema, akaingia ndani.

Jumapili mdogo wangu alipanda kutoka ziwani na samaki wawili wa mbasa waliokaushwa, kama kawaida yake. Hakuwahi kuja mikono mitupu. Aliwapa jikoni, akaniamkia, akanawa, akaketi. Tulikuwa bado tunakata tonge la kwanza alipouliza pikapu imekwenda wapi na mzigo. Nikasema. Baba mdogo aliacha kutafuna. Mdogo wangu alinyanyuka, akatoka uani, nasi tukabaki tunasikiliza. Nilitegemea kelele. Nilisikia boneti likifunguliwa, kisha kicheko.

Alirudi na uso wa mtu aliyepokea barua nzuri.

"Kaka, umefanya kosa kubwa," alisema. "Pikapu ilikuwa yetu sote na hukuniuliza. Hilo nitalisema mbele ya baba mdogo ili lisije likasemwa kwingine. Lakini njoo uone."

Tukatoka wote, hata baba mdogo na fimbo yake. Mdogo wangu alinyanyua boneti kwa kidole kimoja. Akatuonyesha injini jinsi ilivyosogezwa nyuma, karibu na miguu ya dereva, na namna nguvu inavyopelekwa magurudumu ya nyuma, ili ya mbele yabaki na kazi moja tu ya kukata kona. Akagonga rimu, akagonga mkono wa gia, akagonga vyuma vya viti vilivyotobolewa matundu ili kupunguza uzito. Hata matundu aliyasifu.

"Waliolitengeneza hili walibishana juu ya kila bolti," alisema. "Uzito umegawanywa nusu mbele, nusu nyuma. Ni kama mama anayebeba ndoo kichwani bila kuishika. Injini yenyewe ndogo, breki ndogo, springi laini. Vyote vimepimwa kwa gari jepesi. Ukitia uzito hapa, umewadanganya wote: injini, breki, springi."

"Na hili bonde kwenye boneti?" aliuliza baba mdogo.

"Ni kiwiko changu," nilisema.

Tuliporudi kwenye chakula, mdogo wangu alisema amenisamehe pikapu, kwa sharti moja. "Usiongeze kitu, kaka. Hata stika. Nikija nilikute hivi hivi."

Nikasema, "Sitaongeza kitu." Nilisema kwa sauti, juu ya ugali, baba mdogo akisikia. Na tulikula tukashiba. Naikumbuka siku hiyo kuliko siku ya harusi yangu.

Kwa nini alilipenda na mimi nikaliona kama deni la aibu, nimelifikiria miaka hii. Yeye alikaa sana ziwani, na watu wa ziwani wanaheshimu wepesi. Mtumbwi ukiuongezea mbao ili uwe imara, unaupa sababu ya kuzama. Sisi wa milimani tunaamini uzito. Gunia zuri ni zito, jembe zuri ni zito, mlango mzuri ni ule unaohitaji watu wawili kuubeba. Mteja akileta gari gereji kwetu, kabla ya ugonjwa anataka tumwongezee majani ya springi, bampa la bomba na keria. Kitu chepesi kwetu ni kitu cha kuibiwa.

Soko nalo lilikuwa na maoni yake. Kila mtu alilipenda Kandambili, na hakuna aliyelitaka. Watu walipiga picha wakiwa wamekalia mlango, wakaziweka kwenye simu, wakaenda zao. Mnunuzi mmoja wa kahawa alilizunguka mara tatu akauliza linabeba magunia mangapi.

"Moja," nilisema, "likifungwa mkanda kama abiria."

Mwalimu mmoja kutoka Mbuji aliuliza kama ukilinunua unapewa na lile kubwa lake. Mdogo wangu alimpigia simu muuza vipuri wa Dar anayefahamiana naye, akaambiwa kwamba magari hayo yalipokuwa mapya watu waliyaona ya mchezo, kisha yakawa mengi na rahisi, na sasa yanaanza kutafutwa tena, mradi yawe hayajaguswa na fundi wa mtaani. "Unasikia, kaka? Kazi yetu ni kutolifanyia kazi," aliniambia. Kwa fundi wa mtaani, hilo ni tusi na ushauri kwa pamoja.

Nikaona njia ya kupata riziki wakati tunasubiri bei ipande: harusi. Harusi ya kwanza ilikuwa kijiji cha Ruanda, hapa hapa Mbinga. Hesabu ya viti nilikuwa sijaifanya. Viti viwili, dereva ni mimi, bibi harusi ni lazima. Bwana harusi akabaki amesimama na suti yake. Hakuwa anajua kuendesha, kwa hiyo akapanda bodaboda nyuma yetu, na mpambe wake nyuma yake, mishikaki. Njia nzima akina mama walinipigia vigelegele mimi, mzee mwenye mvi, wakidhani nimejipatia. Mmoja alipaza sauti, "Babu, taratibu, moyo huo!" Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukachuruzika.

Tukaacha lami, tukaingia njia ya udongo, na mita chache kabla ya kanisa Kandambili likakaa juu ya tuta la katikati ya njia, magurudumu yakining'inia kama miguu ya kobe aliyebebwa. Vijana sita wa kwaya wakaja. Hawakulisukuma. Walilinyanyua, bibi harusi akiwa ndani, mimi nikiwa nimeshika usukani kana kwamba naelekeza, wakatupeleka mpaka mlangoni mwa kanisa wakiimba. Leo naona kwamba ilikuwa sifa kubwa kuliko zote kwa waliolitengeneza. Siku ile sikuiona. Shangazi wa bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni.

"Nimekodi gari," alisema kwa sauti ya kufika mpaka altareni, "nimeletewa machela!"

Padri mwenyewe alicheka. Kwa mwezi mzima, popote nilipopita Mbinga, mtu aliuliza, "Machela haijambo?" Mke wangu naye aliuliza. Nilivumilia dhihaka za pikapu, nilivumilia za kuku. Hiyo sikuivumilia.

Mdogo wangu alikuwa ziwani tena. Nilimchukua mchomeleaji mmoja, nikamwonyesha mihimili miwili ya trela bovu iliyokuwa imelala nyuma ya gereji, na bamba la chuma nene kama kitabu cha misale. Tulilinyanyua Kandambili kwa vipande vya chuma juu ya springi, tukachomelea mihimili chini, mmoja kila upande, na bamba chini ya injini, ili hata likikalia jiwe, jiwe ndilo liombe radhi. Mchomeleaji aliniuliza, "Mzee, fundi anajua?" Nikamwambia, "Mimi ndiye mkubwa wake." Tulipomaliza nikapaka rangi nyeusi yote, ili mtu akichungulia asione kitu kipya. Nikaita vijana wanne wajaribu kulinyanyua. Halikutikisika. Nililala usingizi mtamu.

Rangi ile nyeusi ndiyo inayonihukumu. Mtu anayeamini amefanya vyema hafichi.

Baada ya wiki chache tukapata harusi ya Mbamba Bay. Bwana harusi alijua kuendesha, kwa hiyo tatizo la viti lilijitatua. Kazi yetu ilikuwa kulifikisha siku moja kabla. Mdogo wangu alisema hataki mtu mwingine alishushe kwenye zile kona, akapanda kuja kulichukua. Alifika asubuhi, akaniamkia, akanawa mikono ili asilichafue. Nilimwambia nimeinua kidogo kwa ajili ya mawe. Alikunja uso, akasema tutazungumza Jumapili. Hakuchungulia chini. Alikuwa na neno langu, achungulie nini?

Tukaondoka turubai likiwa limekunjwa, mimi na kofia yangu mapajani. Lami ilikuwa safi, mteremko bado haujaanza. Kona ya kwanza aliikata. Ya pili akapunguza mwendo.

"Kaka, limekuwa zito."

"Ni mimi," nilisema. "Nimenenepa. Shemeji yako ananilisha."

Alicheka kwa adabu. Tukaenda. Mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha kuzuia udongo, kwenye mashamba ya mteremkoni yalipita kama sega la nyuki, nami nikaanza kumweleza habari za mahindi, nikisema mengi kuliko kawaida yangu, ambayo si kidogo. Mteremko ulipoanza kweli kweli alishusha gia, akashusha tena. Harufu ya breki ikapanda, ile ya nywele zilizoungua.

"Umeongeza kitu?"

"Hapana."

Alikata kona nyingine. Ziwa lilikuwa limeshaonekana kule chini, pana na lenye kung'aa, na Malawi ng'ambo kama wingu lililolala.

"Kaka," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, hilo nataka niliandike, "sina hasira. Nataka kujua uzito tu. Nikijua, nitajua nifanye nini. Umeongeza kitu?"

Nilikuwa na muda. Mtu anaweza kusema "ndiyo" haraka kuliko kupiga chafya. Nilimwona shangazi wa Ruanda mlangoni, nikawaona vijana wa kwaya, nikamwona mdogo wangu akinihurumia mbele ya baba mdogo.

"Hakuna kitu," nilisema.

Kona mbili mbele, pedali ya breki ilikwenda chini mpaka sakafuni na haikurudi. Hakupiga kelele. Alivuta breki ya mkono, akashusha gia mpaka injini ikalia kama nguruwe, akalipeleka gari upande wa mlima, ndani ya mfereji wa mawe. Upande wangu ulizama mferejini, na ule mhimili wa trela ukaanza kusaga ukingo wa mawe kwa kelele ambayo ningali naisikia, cheche zikiruka. Tulikwenda hivyo kwa muda ambao nilisali nusu ya rozari kwa mpangilio wangu mwenyewe. Kisha tukasimama. Kofia yangu ilikuwa bado mapajani.

Tulitoka. Hatukuumia, ila goti langu na mdomo wake uliochanika kidogo. Gari lilikuwa limelala ubavu, tumbo lote nje. Rangi nyeusi ilikuwa imekwanguka, na chuma cha trela kiling'aa chini yake, kipya kama sarafu. Mdogo wangu alichuchumaa akakitazama. Akapitisha kidole kwenye ule mshono wa kuchomelea, mwanzo hadi mwisho, kama fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi.

Hapo ndipo niliposema neno baya kuliko yote. Wala sikusema kwa nia mbaya. Nilitaka tucheke.

"Unaona," nilisema, "chuma kimetusaidia kusimama."

Alifungua buti, akatoa mfuko wake wa spana, akauweka begani. Akanigeukia, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, kaka."

Alikuwa ameshaniamkia asubuhi. "Marahaba," nilisema, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu. Akateremka kwa miguu kuelekea ziwani, nami nikabaki na Kandambili nikimtazama, mpaka kona ikamficha.

Harusi ya Mbamba Bay walitumia gari la mtu mwingine. Kandambili liliuzwa vipande vipande; sasa halikuwa tena gari ambalo halijaguswa. Viti viwili viko saluni moja mjini, wateja wanasukwa wakiwa wamevikalia. Injini mdogo wangu aliiomba kwa kumtuma mtu, nikaitoa bila neno, na nasikia inasukuma boti kwenye vijiji vya ufukweni, na kwamba ni boti jepesi na halisumbui. Boneti nimebaki nalo. Mke wangu anaanikia maharage juu yake, na yale yanayobingirika hukusanyika pale kwenye bonde la kiwiko changu.

Mihimili ya trela ningali nayo. Haijapinda hata kidogo.

Mdogo wangu hajanikosea heshima hata mara moja tangu hapo. Akija Mbinga kwenye msiba huniamkia mbele ya watu, huuliza afya ya goti, halafu anakwenda kula kwa jirani. Nilimpigia simu nikakiri yote: saini, chuma, rangi, ule uongo wa mara tatu garini. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusamehe siku nyingi, kaka." Na nadhani ni kweli. Amenisamehe, ila haniamini tena, na hataki kukaa mahali ambapo neno langu linatakiwa kuaminiwa. Gereji ilifungwa, msemaji bila fundi ni redio. Baba mdogo aliniuliza Jumapili moja tu kama nafasi ile kwenye mkeka iachwe wazi au tusogee. Nikatazama tonge langu, akasogea yeye.

Mbasa nanunua sokoni siku hizi. Najua watu wangependa niseme nilipoteza pikapu, au gari la thamani, au gereji. Hivyo ni vyuma na kibanda. Nilipotia saini ile bila kumuuliza, nilianza kumtoa mdogo wangu mezani kwangu, na nilipokubali kudanganya kwa ajili ya chuma nilichokificha nikamalizia. Yuko hai, ana afya, yuko kilomita sitini na kitu kutoka hapa nilipoketi, barabara nzuri ya lami mpaka mlangoni kwake, na hatutakula pamoja tena.